Seremala na Kadi ya Pili

Seremala huyu hakujaliwa subira ya kompyuta, ila ukaidi alijaliwa wa kumtosha yeye na majirani. Miezi miwili nyuma alipakua mchezo wa karata usiojulikana ulikotoka, nao ukaja na kirusi kilichomeza kazi zote za mkewe, ambaye ni mfasiri na ofisi yake ni meza ya sebuleni. Mke akabadilisha neno la siri la mtandao wa nyumba, akamfungia nje. Naye seremala akala yamini: hanunui bando hata la siku moja mpaka haki itendeke.

Haki ikabidi aitafute mwenyewe. Aliokota kompyuta kuukuu, akaiundia sanduku la mbao lisilo na msumari hata mmoja, ili iwe mlinzi wa mlangoni: kadi moja ya mtandao itazame nje, nyingine itazame ndani, na kila kinachopita kikaguliwe. Mke akampa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Ikifanya kazi, atarudishwa mtandaoni. Isipofanya, sanduku litawekewa viatu na mjadala umefungwa.

Saa nne na nusu ya Jumamosi hiyo, kompyuta ilikuwa inaiona kadi moja tu. Ile iliyokuja nayo tangu kiwandani ilionekana bila taabu. Ya pili, aliyoinunua dukani na kuichomeka kwa mikono yake, haikuwemo kabisa kwenye orodha. Aliichomoa, akairudisha. Akaihamishia tundu jingine. Akazima, akawasha, akaingia kwenye mipangilio akabadilisha alivyovielewa na baadhi ya asivyovielewa.

Akampigia muuza kompyuta. Huyo alimhoji kwa utulivu, mwishowe akauliza kama meno ya dhahabu ya kadi, yale yanayoingia tunduni, yalikuwa safi. Seremala akajibu kwa majivuno kwamba yanang'aa kuliko siku aliyouziwa. Muuzaji akasema basi huenda bodi ya kompyuta yenyewe imekufa, akampa pole na kukata simu.

Saa sita kasoro robo mke akaingia karakana. Aliichukua kadi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akainusa. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka kumi na tisa, katika nyumba ambayo hata mpini wa fagio ulikuwa unateleza.

"Baba Mapacha," akasema, "hii umeipaka nini?"

Seremala akajitia kukagua kucha zake. Angeweza kusema imetoka hivyo dukani, na uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa amechoka kuwa mgeni nyumbani kwake.

"Vanishi," akasema. "Tabaka mbili. Nilitaka isije ikashika kutu."

Na alipoyatamka akayasikia. Vanishi haipitishi umeme. Wateja wake wa vishikio vya taa alikuwa akiwaambia hivyo kila siku. Mke alijikaza kwa muda wa kuridhisha, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye benchi la randa. Walipomaliza kufuta machozi, mke akashika kadi na seremala akasugua jino moja baada ya jingine kwa kitambaa na thina. Roho ilimuuma. Katika maisha yake hakuwahi kubandua rangi iliyokubali vizuri namna ile.

Saa sita na dakika nane kadi ya pili ikatokea kwenye orodha. Seremala akaitazama saa ya ukutani. Mkewe akafanya kama ukuta ule haukuwa na saa.

Akaomba simu ya mumewe, akaandika neno la siri huku amelikinga kwa kiganja, na seremala akageukia pembeni kwa adabu zote. Simu ikaanza kutetemeka mfululizo, ikishusha ujumbe wa miezi miwili. Wa kwanza kabisa ulitoka kwa mkewe, jioni ileile ya kufungiwa mtandao, seremala alipojifungia karakana akinung'unika peke yake na kungoja aitwe.

"Rudi ndani. Hasira zimeisha, chakula kinapoa."

Aliusoma mara mbili.

"Kumbe uliniita?"

"Nilikuita," mke akasema. "Nikangoja jibu wee, nikajua umeninunia. Nilisahau kwamba nimekufungia."