Bibi Mwaija Mlangoni pa Msiba

Kwa miaka mingi Bibi Mwaija ndiye aliyeosha maiti wa kike pale Chanika, hadi moshi wa kuni ulipomfanya awe na macho mekundu, na watu wakaanza kumwita mchawi.

Mjukuu wake Maryamu, wa kidato cha pili, aliwahi kumsomea hadithi ya Kirusi kuhusu bibi kizee wa msituni. Katika hadithi hiyo kijiji kizima kilimwogopa, lakini yatima alipokosa moto, ni kwake alikoupata.

"Kumbe hata Urusi!" Bibi alicheka. "Ukizeeka peke yako, tayari watasema unafuga fisi wa kichawi."

Wiki iliyopita malaria ilimchukua Maryamu. Bibi alipofika na karafuu maiti, jirani alimzuia mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Utusamehe, huyu tutamwosha wenyewe."

Bibi hakuondoka. Alijua akigeuka siku ile, hakuna nyumba itakayomwita tena.

Mama yake Maryamu akatoka, macho yamevimba. "Mpisheni mama. Ni mjukuu wake."

Bibi alipoingia, wanawake wakatoka mmoja mmoja, hakubaki wa kumimina maji. Basi mama mtu akashika kata, akasema Bismillahi, wakamwosha wao wawili, huku minong'ono ikiendelea uani.