Fundi wa Mnara na Hotuba za Komanda Ulrich

Komanda Ulrich alipouteka mji wa Kindu, alipanda kilimani kwenye mnara wa redio hata kabla hajauliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Watu wa bunduki hupenda mnara. Waliomtangulia nao waliupenda sana, mpaka waliposikia milio ya kwanza. Hapo wakamkabidhi Kasimu funguo, wakamwagiza aulinde kwa niaba ya taifa. Taifa lenyewe lilikuwa limeshavuka mto Lualaba.

Kasimu ndiye fundi pekee aliyebaki. Alisomea mitambo Kisangani, na kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa kuhakikisha sauti inayoingia kwenye maikrofoni inatoka kwenye antene huko juu. Hakuwa na bunduki wala chama. Alikuwa na bisibisi mbili na mke, Aïcha, mzaliwa wa Lokandu.

"Wewe njo fundi?" Komanda aliuliza.

"Njo mimi, Komanda."

"Basi kuanzia leo Maniema muzima itanisikia."

Na ikamsikia. Mafuta ya mazutu ambayo hayakupatikana kwa ajili ya mashine ya maji yalipatikana kwa ajili ya hotuba. Kila alasiri, saa kumi kamili, Komanda aliwaeleza watu kwamba wamekombolewa. Waliokombolewa hawakuwa na nafasi ya kusikiliza vizuri, kwa kuwa saa hizo walikuwa njiani, wamebeba mizigo ya wakombozi vichwani.

Baada ya miezi miwili hotuba ikaongezwa kitu: orodha ya majina ya watu waliosemekana kuwalisha Mai-Mai, wapiganaji waliompinga, pamoja na vijiji vyao, ili askari wa vituo vya mbali wenye redio ndogo wajue wa kumkamata. Siku ya kwanza yalisomwa majina saba. Kasimu aliwasha mtambo kama kawaida. Wiki iliyofuata habari zikafika mjini kwamba watatu kati ya wale saba wameuawa. Mmoja wao alikuwa Anaclet, mvuvi wa Lokandu. Kasimu alirudi nyumbani, akakaa mbele ya bugali, akashindwa kumega.

Orodha ya pili Komanda alimpa aikague kwanza. Kuua aliweza, ila makosa ya tahajia yalimuudhi. Katikati ya karatasi Kasimu akakuta jina la Ismaël, kaka wa mkewe, aliyekuwa akivuta wavu mmoja na marehemu Anaclet. Kosa lake ni kuwauzia samaki wote waliokuja na njaa. Kasimu alisahihisha herufi mbili, akarudisha karatasi, akaingia chumba cha mtambo.

Humo mlikuwa na sanduku la chuma la majaribio. Fundi akitaka kupima mtambo bila kurusha kitu hewani, huchomoa waya mnene unaopanda mnarani na kuchomeka ule wa sanduku. Nguvu yote huishia humo, ikawa joto. Redio iliyo karibu bado hunasa sauti, lakini chini ya kilima halifiki hata neno moja. Kasimu akahamisha waya.

Komanda akasoma. Redio iliyowekwa nje ikarudia kila neno, askari wakapiga makofi.

"Leo nilisema muzuri?"

"Sana, Komanda."

Ikawa hivyo kwa miezi mitano. Mjini watu waliona redio imekufa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kulalamika. Sanduku peke yake ndilo lililozisikiliza hotuba zote, likapata moto.

Kisha akaja Kapiteni Octave, aliyekuwa kituo cha Lokandu. "Komanda, kule kwetu redio iko kimya. Miezi mitano."

Kasimu alikuwa mlangoni pa chumba cha mtambo, akasikia.

Komanda alifikiri. Ama hakuna aliyemsikia, ama watu wana ubaya. Akachagua lile lisilomuumiza. "Wanasikia. Wanajifanya viziwi."

"Hata mimi sikusikia."

"Na wewe uko kiziwi?" Komanda aliuliza, mkono ukishuka taratibu kwenye bastola.

Octave akapiga saluti. "Nilisikia kidogo, Komanda. Hata sana."

Akitoka, alipita chumba cha mtambo, akaegemea lile sanduku, akauondoa mkono upesi.

"Fundi, hii inafanya nini?"

"Inapokea hotuba, Kapiteni."

Octave alielewa. Lakini atamwambia nini Komanda, naye ameshashuhudia kwamba alisikia hata sana? Akampiga Kasimu kitako cha bunduki mdomoni, yakatoka meno mawili, akaenda zake.

Vita iliisha kwa karatasi zilizotiwa sahihi mbali na Kindu, na Komanda akaitwa Mheshimiwa. Mnara ukajaa masahani ya simu. Zaidi ya miaka ishirini ikapita, na kila alipopita sokoni Kasimu alisikia watu wakinong'ona: huyo njo aliyerusha majina. Hakubisha. Yale saba aliyarusha kweli.

Mwaka jana Mheshimiwa alikuja kuzindua mtambo mpya. Akamkumbatia Kasimu mbele ya umati. "Huyu baba alipeleka sauti yangu Maniema muzima!" Akampa maikrofoni, ashukuru.

"Mheshimiwa," Kasimu alisema, "majina yalifika siku moja tu. Saba. Hayo mpaka leo yananinyima usingizi. Zile orodha zingine zote niliziunguza ndani ya sanduku. Hakuna mutu alikusikia."

Mheshimiwa akacheka, na wageni wake, watu wenye nidhamu, wakacheka baada yake. "Muzee anapenda mzaha!" Utepe ukakatwa.

Ila mtambo mpya ulikuwa mzima, na maneno ya Kasimu yalifika hadi Lokandu. Siku ya nne Ismaël akamfuata Kasimu kilimani na kifurushi cha samaki wa kukaushwa. Tangu msiba wa Anaclet hakuwahi kumsemesha shemeji yake.

"Jina langu lilisomwa?"

"Mara mbili."

"Na la Anaclet?"

"Lile nililituma mimi."

Ismaël hakusema amesamehe, wala Kasimu hakuomba. Ismaël akateremka hadi nyumbani kwa Kasimu, akamkabidhi Aïcha kifurushi.

"Dada, pika," alisema, akavuta kiti, akakaa.