Nilivyokataliwa operesheni ya kupunguza mwili kwa sababu ya mizani yangu mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninachoandika hapa hakina chumvi hata punje. Mke wangu amekaa pembeni anasoma, nikidanganya atanisuta hapa hapa.

Naona vijana mnaulizana humu kuhusu operesheni za kupunguza mwili: vipimo gani, maandalizi gani. Mimi nilipita huko miaka ya tisini, nikiwa Ifakara, wakati wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa.

Kwanza mnijue. Nilitoka Mahenge bila mjomba wa kunishika mkono, nikasoma hadi Ulaya Mashariki, nikarudi na diploma ya ufundi mitambo. Sikwenda kubembeleza ajira Dar. Nilifunga mashine ya kukoboa mpunga kwa mikono hii, nikawa nanunua mpunga kuanzia Mofu hadi ng'ambo ya mto. Watu wakaniita Injinia, nikaitika.

Mwili nao ukaitika.

Siku moja nilisinzia kwenye usukani saa nne asubuhi, pikapu ikaingia katikati ya shamba la mpunga. Baba yangu alikuwa na mwili huu huu, na alifia usingizini akiwa na miaka arobaini na tatu. Mimi nilikuwa na arobaini na moja. Hapo nikaogopa.

Rafiki niliyesoma naye alikuwa Johannesburg. Akanitafutia hospitali inayofanya hiyo operesheni, nao wakanitumia kwa faksi, pale Posta, orodha ya vipimo vya kufanya kwanza nyumbani.

Wakuu, ile orodha! Moyo, mapafu, sukari, ini, figo. Barua ya daktari kwamba nina akili timamu. Daftari la kuandika kila ninachokula kwa wiki mbili.

Mama yangu alipoliona daftari akauliza, "Unaniandikia chakula changu, kwani nimekuwa mwizi?"

Kipimo cha sukari nilirudia mara tatu. Kila siku ninayotakiwa kwenda na njaa, mama kaamka kabla yangu, wali wa nazi uko mezani. "Mgonjwa hatoki na tumbo tupu nyumbani kwangu." Na mtaani, kwa miaka ile ya ukimwi, mtu akionekana anatolewa damu kila wiki mnajua alikuwa anasemwaje. Nikavumilia yote.

Kikabaki kitu ambacho hata mtoto angekimaliza: uzito.

Wale wa Johannesburg walisema mtu wa urefu wangu lazima afike kilo mia na thelathini, chini ya hapo hawamgusi. Mizani ya hospitali kwetu iliishia mia na ishirini. Nilipopanda, mshale ukafika mwisho ukagota.

Daktari wangu, dada mmoja mzaliwa wa Mofu, akafikiri kidogo. "Injinia, si una mizani ya magunia pale mashineni? Kesho nakuja na fomu."



Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa maandishi. Mizani yangu ilikuwa na jiwe, kile chuma kinachosogezwa kwenye mkono wake kusoma kilo. Jiwe la asili nilikuwa nimelifungia kabatini. Nikachonga lingine, zito zaidi kidogo, nikalipaka rangi ile ile. Kazi safi, hakuna jicho ambalo lingelitambua. Gunia la kilo mia lilisoma tisini na mbili.

Daktari akaja. Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu, na baba yake mwenyewe, Mzee Libena, amekaa juu ya magunia yake. Nikapanda. Mia na ishirini na saba. Akaandika, akapiga muhuri.

Ningeweza kusema. Nikamtazama Mzee Libena, nikashuka kwenye mizani. Nikajipa moyo kwamba kilo tatu hazitawasumbua wazungu.

Ziliwasumbua. Faksi ikarudi baada ya wiki mbili: hufikii kiwango, pole. Moyo, mapafu, njaa za asubuhi, vyote bure, kwa sababu ya chuma nilichokichonga mwenyewe! Niligombana na kila mtu nyumbani, mpaka paka.

Nikapata wazo. Lupiro kulikuwa na mnunuzi mwingine mwenye mizani kubwa. Nikamwambia daktari ile yangu imechoka, tukavuka mto kwa pantoni, nikapimwa.

Mia na thelathini na nane.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya mto, akatoa zile fomu mbili, ya mashineni na ya Lupiro, akaziweka mapajani.

"Wiki tatu, kilo kumi na moja. Na daftari lako linasema unakula mchicha."

"Labda ni maji mwilini, Daktari."

"Injinia, baba anapima mpunga kwa debe nyumbani, ukifika kwako umepungua. Miaka mitatu mama anamwambia anauza njiani akanywe pombe."

Nikamnyooshea kalamu.

"Sisaini hii ya Lupiro," akasema. "Nenda ukatengeneze yako. Upande pale pale, mbele ya wale wale. Ikisoma sawa, nasaini."

Siku mbili nilizunguka nimenuna. Ya tatu nikafungua kabati, nikatoka na jiwe la asili, nikalibadilisha foleni nzima ikitazama. Nikapanda.

Mia na thelathini na nane.

 Kisha mmoja akasema, "Kumbe magunia yetu ndiyo yalitangulia kufanyiwa operesheni!" Watu wakacheka, wengine wakanitukana, na nilistahili.

Mzee Libena hakucheka. "Kesho nakuja na mke wangu," akasema. "Hayo uyaseme mbele yake."

Alikuja naye. Niliwaamkia shikamoo, nikayasema.  Yule mama alimgeukia mumewe, akamshika mkono, wakaondoka.

Binti yao akasaini. Nikaenda, nikapasuliwa, nikapona. Miaka arobaini na tatu niliipita nikiwa macho.

Mnadhani yaliishia hapo? Msimu uliofuata wakulima walitoa sharti: hakuna gunia linalopanda kabla yangu. Nikapanda. Tisini na sita.

"Ameichezea tena!"

Nikawaeleza operesheni, nikatoa cheti cha hospitali, nikafungua shati nikaonyesha kovu. Wapi! Ikabidi nivuke pantoni na wazee watatu hadi Lupiro, nipimwe kama gunia. Tisini na sita. Ndipo wakashusha mpunga.

Mpaka leo kila msimu napanda mimi kwanza, na mjane wa Mzee Libena ndiye anayesoma kilo kwa sauti. Nikipungua hata mbili ananikazia macho.

Funzo langu kwenu mnaojiandaa: msimfiche daktari kitu, hata kile mnachodhani hakihusiani na mwili.

Waliopitia vipimo hivi waje waeleze yao. Na kama kuna mtu wa Mofu humu, aandike tu. Matusi nitayasoma.