Tawi Lililotoka Ng'ambo

Kazini walimwita Bi Gundi, kwa kuwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akibandika mimea iliyokaushwa kwenye kadi nyeupe, na gundi haikumtoka vidoleni. Alikuwa mtu wa kushuku. Hata shemeji yake akimletea zawadi, humwambia, "Haya, sema unachotaka."

Siku moja kikaja kifurushi kutoka bara jingine. Ndani, katikati ya magazeti ya lugha asiyoijua, mlikuwa na tawi: majani magumu kama ngozi, ua lenye manyoya, vitunda vikavu, na kikaratasi chenye jina la kigeni. Akalitambua mara moja. Kichaka kile kile cha kilimani, nyuma ya ofisi yao! Na aliyelituma ni yule mtafiti mgeni aliyekuja mwaka jana, akapanda kilima peke yake.

"Ametuibia," akamwambia mkuu wa idara mbele ya wenzake. "Kakata kwetu, kaenda kubandika jina la kwao."

"Dada, mmea huu na wetu ni ndugu tu," mkuu akasema kwa upole. "Zamani mno, kabla ya binadamu, bara letu na lao yalikuwa nchi moja. Ikapasuka, vipande vikaachana kidogo kidogo, kila kimoja na mimea yake. Kwa mamilioni ya miaka, kila upande ukabadilika kivyake."

"Nani alikuwepo akaona?"

"Hakuna. Ila miamba inaonyesha, na majani yaliyogeuka mawe."

"Mdomo haulipiwi kodi."

Wenzake walipokwenda kula, Bi Gundi alichukua kitunda cha kifurushi na kingine alichochuma kilimani, akavilowesha kwenye maji moto, akavipasua chini ya kioo cha kukuzia. Alikuwa akitafuta ushahidi wa wizi. Mbegu ya kilimani ilikuwa na bawa moja. Ya ng'ambo, mawili. Akapasua kingine cha ng'ambo, na kingine tena. Mawili, mawili.

Amemwita mtu mwizi, tena hadharani.

Wenzake waliporudi, aliwaambia wote, "Si letu. Yule mgeni nimemsingizia."

"Kwa hiyo umekubali ni ndugu?" mkuu akauliza.

"Nimekubali si mmea mmoja. Hayo ya nchi kutembea, bado nayachunguza."

Akalibandika tawi, safi kuliko yote ya mwezi ule. Lakini wiki nzima walimkuta ukumbini, mbele ya ramani ya dunia, akifuatisha kwa kidole kingo za mabara yale mawili. Zilikaribia kuingiana kabisa.

"Hm," akaguna. "Na huyu mchora ramani, ni rafiki wa nani?"