Tone la Dawa Karakanani kwa Fundi Nta

Mtaani walimwita Fundi Nta, na wengi hawakuwahi kujua jina lake jingine. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyokakamaa, na kazi yake ilikuwa kuchukua kipande cha plastiki cha gari, bampa kwa mfano, akakitengenezea kalibu ya faiba ili vitolewe vingine vya sura ileile. Plastiki inayong'aa ndiyo iliyomnyima raha. Mkwaruzo wowote, hata alama ya kidole, huhamia kwenye kalibu. Tena ukiacha mahali padogo bila nta, rezini, ule utomvu unaogandisha faiba, hung'ang'ania papo hapo, na siku ya kuvitenganisha unavunja vyote viwili. Basi alipaka nta, akasugua mpaka akajiona uso, akapaka tena.

"Shemeji, hilo bampa litateleza lenyewe mpaka barabarani," mdogo wa mume wake alimtania.

Mume alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki zinapita hajaonekana, kwa hiyo karakana iliwaangukia wao wawili. Shemeji ndiye aliyechanganya rezini na dawa ya kugandisha, huku akipiga soga tangu asubuhi mpaka jioni. Fundi Nta aliiogopa dawa ile. Ilikuwa angavu kama maji ya kunywa, lakini muuzaji alishamwonya: ikiingia jichoni, usipoteze muda kulia, tia maji. Tangu siku hiyo kila shemeji alipofungua kichupa, yeye aligeuka pembeni.

Kazi ya siku ile ilikuwa ya Mama Teksi, mwanamke wa miraba minne aliyekula mwendo miaka mingi. Bampa lake la mbele lilikuwa limesagika, na gari la aina hiyo halitengenezwi tena. Alizunguka hadi akampata mwenye gari kama lake, mzee mgumu kama kisiki, akaazima kwake bampa zima jeusi linalometa. Lirudi kama lilivyotoka, mzee alisema, ama wasijuane tena. Mama Teksi hakumwachia mtu mwingine jukumu hilo. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, analilinda.

Jua lilikuwa kali. Rangi nzito ya kalibu, inayotangulia faiba, ilikuwa imeshakauka juu ya bampa, na tabaka la kwanza la faiba lilikuwa limelowa vizuri. Shemeji akachanganya ndoo nyingine. Miwani ya kazi ilikuwa imejaa mvuke wa jasho, akaivuta hadi kwenye paji la uso.

"Rudisha miwani," Fundi Nta alisema.

"Sekunde moja tu, shemeji, sioni hata..."

Hakumaliza. Kichupa kilimteleza, kikagonga ukingo wa meza, na dawa ikamrukia jichoni. Alishika uso, akatoa sauti ambayo Fundi Nta hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Kwa kitambo kidogo Fundi Nta alisimama tu, brashi mkononi, akiona kila kitu kwa mbali. Kisha akamrukia. Alimwangusha chini kando ya pipa la maji, akamkalia kifuani, yeye ambaye hata kikombe alimpa shemeji yake kwa mikono miwili. Akalipanua lile jicho kwa vidole, akaanza kumwaga kopo baada ya kopo.

"Niache! Linaungua! Niache, shemeji!"

"Sikuachi. Fungua jicho. Fungua!"

Majirani walijazana mlangoni. Mmoja alicheka, akidhani wanapigana. Hapo ndipo Fundi Nta aliposikia harufu. Ndoo waliyoiacha mezani ilikuwa imeanza kufuka moshi. Rezini iliyotiwa dawa ikibaki nyingi mahali pamoja hujipika yenyewe, na pembeni yake palikuwa na matambara yaliyolowa mafuta na pipa zima la rezini. Akiinuka, jicho litapotea. Asipoinuka, wataungua wote. Mkono wake uliendelea kumwaga maji.

"Mama Teksi," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Ndoo. Itoe nje."

Mama Teksi hakuuliza. Alishika mshikio kwa kitenge chake, akapita katikati ya watu huku anafoka "Pisha! Pisha!" na kuitupa barabarani. Ilikuwa imeshaanza kulegea kama ugali wa moto. Ilitoa moshi mweusi hapo ilipoangukia, na watu wote wakarudi nyuma.

Walimpeleka hospitali kwa lile gari lisilo na bampa, Fundi Nta akimmwagia maji njia nzima, viti vimelowa chapachapa.

"Nani alimtia maji?" daktari wa macho aliuliza.

"Mimi."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Mpaka pipa likakauka."

Daktari alitikisa kichwa polepole. Jicho lilikuwa limeungua. Wangelitibu, walifunge, wangoje. Kuhusu kuona, hakutaka kusema neno.

Kumbe hilo lilikuwa nusu tu ya hofu. Nusu nyingine ilikuwa nyumbani, kwa mama mkwe, ambaye hakuwahi kuipenda karakana. Fundi Nta alisimama nje ya mlango akipanga maneno na kuyapangua. Alipoingia, aliyasema yote kwa pumzi moja. Yule bibi alikuwa anachambua mchele. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Lipi?" aliuliza.

"La kulia, mama."

"La kulia," bibi alirudia. "Ndilo analokonyezea." Akaendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Siku za kungoja, Fundi Nta hakupata usingizi. Akifumba macho, aliona kichupa. Akiyafumbua, aliona lile bampa la kuazima, limevaa tabaka moja la faiba lisilo na nguvu, tabaka ambalo lingeweza kujikunja na kulivuta bampa lenyewe. Mzee alishatuma mtu kuuliza.

Siku ya kufungua jicho walisimama wote kuzunguka kitanda. Nesi aliondoa pamba ya mwisho. Shemeji alipepesa, machozi yakamtoka.

"Naona mwanga," alisema. "Naona... mtu mnene, kavaa nyekundu."

"Mnene mwenyewe!" Mama Teksi alipasuka, halafu akalia kwa kwikwi.

Lakini sura hakuziona. Alisema ni kama kutazama kupitia mvuke. Daktari alieleza kwamba pamebaki kovu. Huenda ukungu ungepungua kidogo, huenda usipungue. Bila maji yale, alisema, jicho lingekufa palepale.

Kesho yake Fundi Nta alirudi karakanani peke yake. Alivaa miwani, akaikaza mpaka ikamuuma, akakichukua kichupa. Akakirudisha mezani bila kukifungua. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, ndoo ya maji miguuni. Macho ya bibi yalimtisha kuliko dawa, lakini yalimfanya apime taratibu, achanganye kidogo kidogo, apake.

"Hapo pana kiputo," bibi alisema, akinyoosha kidole.

Kweli palikuwa na kiputo. Akakipasua kwa brashi.

Tabaka zilipokomaa, alipenyeza kabari za mbao ukingoni, akamimina maji kwenye ufa, akagonga kwa kiganja. Kitu kikalia *kwaa!* Akadhani limevunjika. Akagonga tena, na bampa likajiachia, jeusi, linametameta, zima. Kona moja tu ilikuwa imeng'ang'ania, ikaacha doa lililofifia la ukubwa wa ukucha. Alilisugua mchana kutwa, na hata hivyo alimwonyesha mzee mwenyewe. Mzee aliinama, akatazama, akaguna, akalibeba bampa lake.

Mama Teksi alipata la kwake, lililotolewa kwenye kalibu ile. Shemeji alirudi kazini kusugua na kung'arisha, akitumia vidole kutafuta kile jicho lisichokiona. Mume aliporudi alitaka wafunge karakana. Fundi Nta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia bado, kwanza kuna mlango wa gari wa mteja ambao ameshaupaka nta. Alisema hivyo huku akivaa miwani na kuikaza.