Nilivyodanganya kuhusu gari la umeme la Mchina, Mama Rukia akaumia

Wakuu, habari zenu, na salaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu. Haya ni yangu mwenyewe na sijayapamba. Ningeyapamba ningejiweka mahali pazuri kidogo.

Mimi ni fundi wa magari, garage yangu iko Bulla Pesa, Isiolo. Miaka ishirini na kitu ya diesel na petroli. Kwa mlio tu wa injini nakwambia shida iko wapi.

Sasa hizi gari za umeme za Uchina hazina mlio.

Naona kwa simu dunia nzima inazitaka, hata huko kwa Wazungu. Nikasema kwa vumbi letu hili hazifiki. Zikafika.

Ya kwanza kuja kwangu ilikuwa ya Hajji Galgallo, mfanyabiashara wa ng'ombe, mteja wangu wa zamani. Alimnunulia mkewe, Mama Rukia, ambaye alipasuliwa mgongo na hawezi gari la kurusharusha. Hii ilikuwa inateleza tu. Mama akaanza tena kutembelea watu.

Mwezi uliopita walienda kumuona dada yake Mama, kijijini Leparua. Wakati wa kurudi, gari likakataa kuwaka. Skrini nyeusi kabisa. Hajji akanipigia, nikaenda na pickup yangu.

Kufungua bonet, naona nyaya nene za rangi ya machungwa. Nilikuwa nimesikia umeme wake unaua. Niliogopa, wakuu. Lakini watu walikuwa wamesimama wananiangalia, na mimi ndiye fundi.

"Betri kubwa imekufa," nikasema. "Hii ni ya kuvutwa."

Hajji akauliza, "Una hakika, fundi?"

"Nina hakika."

Tukampandisha Mama Rukia kwa pickup. Ile barabara mnaijua. Kila shimo alikuwa anashika dashboard na kufunga macho. Alilala kitandani wiki mbili.

Gari likaletwa na lori, likakaa kwangu siku tatu. Mwishowe nikapata number ya dada mmoja Nairobi, fundi wa hizi gari. Swali lake la kwanza: "Umepima ile betri ndogo ya volti kumi na mbili?"

Kumbe ziko nayo! Betri ya kawaida tu, ya kuamsha mitambo. Za aina hiyo nimebadilisha hadi nikasahau hesabu.

Nikaunganisha na betri ya pickup, skrini ikawaka. Betri kubwa ilikuwa na chaji zaidi ya nusu.

Na hiyo pickup ndiyo niliyokuwa nayo Leparua.

Ningenyamaza, hakuna mtu angejua. Lakini haikunitoka kichwani. Nikaenda kwao Chechelesi, nikasema yote. Hajji aliangalia chini. Mama Rukia ndiye alijibu, akiwa amelala vile vile:

"Fundi, ungesema tu hujui. Tungengoja. Mimi kungoja naweza."

Afadhali angenitukana.

Sasa ameanza kuinuka, alhamdulillahi. Gari lao siku hizi wanapeleka kwa fundi mwingine, Meru.

Nimechoka, wakuu. Kuanza darasa upya na umri huu, kusoma kwa simu hadi macho yanatoa machozi, si mchezo. Lakini niliogopa aibu yangu, na aliyelipa ni mgongo wa mtu mwingine. Hilo sitaki tena.

Wale mmeshafungua hizi gari, mlianzia wapi? Msinionee huruma, andikeni tu. Mimi sijui.