Nyasi za Kiwanja cha Sita

Wageni walimwita Bi Kamba, naye hakuchukia. Katika shamba lao la ng'ombe wa maziwa, familia ilikuwa na viwanja tisa vya kupigia mahema, na sheria ilikuwa moja: mgeni akiondoka, kiwanja kinazungushiwa kamba mpaka nyasi zisimame tena. Wiki mbili zilitosha, tatu kukiwa na jua kali. Kamba zote alizifunga yeye.

Ila kamba ya kiwanja cha sita ilikuwa na miezi kumi sasa.

Hapo ndipo mumewe alipomalizia siku zake. Kifua kilipombana alisema ndani ya nyumba hapati hewa, akahamia hemani kama mgeni. Utani haukumtoka hata akiwa mgonjwa. Kila asubuhi aliuliza kupitia zipu, "Mwenye kambi, chai ya wageni iko wapi?" Akafia humo, ng'ombe wakiwa ndiyo kwanza wamekamuliwa.

Hema likakunjwa. Pale lilipokuwa pakabaki umbo lake, pembe nne, la njano. Mvua zikaja, viwanja vingine vikawa kijani cha kukera macho, cha sita kikabaki vilevile kama shuka iliyotandikwa. Hata ng'ombe wakipita kwenda malishoni walinusa, wakapazunguka.

Bi Kamba hakuwa amemwambia mtu alichoamini. Lakini aliamini.

"Mama," mke wa mwanawe alimwambia wakikamua, "likizo imefika, watu wanaomba nafasi. Jumamosi trekta inakuja. Tulime pale, tupande nyasi upya."

"Baba yenu hajaondoka."

"Mama jamani."

"Sheria si unaijua? Mgeni akiondoka, nyasi zinasimama. Zimesimama?"

Mkwe akaendelea kukamua. "Jumamosi," akasema, kwa sauti ya chini.

Kiwanja cha tano wiki hiyo kilikuwa na fundi cherehani, mwanamke wa rika lake, aliyesema amekuja kupumzisha macho. Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi mlangoni mwa hema na kikombe chake.

"Dada, nikuulize kitu, hutanicheka?"

"Kikichekesha nitacheka."

"Hayo maji unayomwaga hapo, ni dawa?"

"Maji gani?"

Fundi akanyoosha kidole. Bi Kamba akatazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshika ndoo, tupu, inafuka mvuke. Mbele yake, ndani ya kamba, ardhi ilikuwa imelowa, povu la magadi likipasuka taratibu.

Siafu. Mume alipokuwa hemani siafu walimwandama, na kila asubuhi Bi Kamba, akishaosha madebe ya maziwa kwa maji ya moto na magadi, yaliyobaki aliyaleta huku kuwafukuza. Hema lilipoondoka, miguu haikuambiwa. Angeapa kwamba maji aliyamwaga mtaroni. Kumbe miezi kumi alikuwa akiziunguza nyasi kwa mkono wake.

"Siku ya tatu leo nakuona," fundi akasema. "Unamwaga, unatulia kidogo, halafu unajibu."

"Najibu nini?"

"Unasema, chai inakuja."

Bi Kamba akaketi chini, palepale penye maji. Fundi akamletea kikombe chake.

Jioni wakati wa kukamua, alimwambia mkwewe, "Kuanzia kesho maji ya madebe utayabeba wewe. Mikono yangu siiamini."

"Na trekta?"

"Irudisheni. Zitaota zenyewe."

Alitamani zisiote. Kila asubuhi alienda na mikono mitupu, akachungulia, akarudi ameridhika. Mvua ikanyesha siku nne. Wiki ya tano akaona vijani kama sindano, vya kwanza upande mumewe alipokuwa akiweka mto, kisha pande zote. Vikawa nusu kidole. Vikasimama.

Sheria alikuwa ameitunga yeye.

Asubuhi moja akafungua mafundo manne, akaizungusha kamba kwenye kiwiko, polepole, huku ametega sikio kule zipu ilipokuwa. Akasubiri kuulizwa chai. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wakitoka zizini. Wa kwanza akafika, akanusa, hakuzunguka. Akaingia katikati, akainamisha kichwa, akaanza kula.